Bangi ya Florida na kura ambazo hazikupigwa

Novemba 6, 2018 wapiga kura wa Michigan, nchini Marekani, waliulizwa kama bangi ihalalishwe kwa watu wazima. Asilimia 55.9 walisema ndiyo. Ilipofika Desemba 6, mtu mwenye miaka 21 na zaidi aliweza kutembea na wakia mbili na nusu mfukoni bila kumwogopa polisi. Novemba 5, 2024 wapiga kura wa Florida waliulizwa swali la aina hiyohiyo na asilimia 55.9 wakasema ndiyo, lakini bangi ikabaki kuwa jinai. Watu karibu milioni 6 walishindwa na watu wasiofika milioni 5.

Tofauti haikutokana na bangi. Katiba ya Florida inataka asilimia 60 ya kura za ndiyo kabla haijafanyiwa marekebisho, na Michigan inatosheka na wingi wa kawaida. Kizingiti hicho cha 60 nacho kililetwa na kura ya maoni, mwaka 2006, kikapita kwa asilimia 57.8. Kingepimwa kwa kipimo kilekile kilichowawekea wengine, kisingepita. Colorado ilihalalisha bangi mwaka 2012 kwa asilimia 55.3, Washington mwaka huohuo kwa 55.7, California mwaka 2016 kwa 57.1, Massachusetts kwa 53.7. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingefika 60.

Wapo wanaokitetea kizingiti hiki, na hoja yao ina uzito: katiba isiguswe kila msimu wa uchaguzi, na jambo lenye mashiko litafika 60. Ni kweli kwamba bangi ya matibabu ilifika huko Florida. Mwaka 2014 ilipata 57.6 ikaanguka, mwaka 2016 ikarudi na 71. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba Florida haimpi mwananchi njia nyingine. Michigan wananchi wanaweza kukusanya saini na kupeleka mswada wa sheria ya kawaida, na hivyo ndivyo bangi ilivyopita kule. Florida hakuna njia hiyo. Mwananchi anayetaka jambo lipigiwe kura lazima aliingize ndani ya katiba, kisha anaambiwa katiba ni nzito mno kuguswa na asilimia 56. Kama wabunge wa Tallahassee, mji mkuu wa Florida, wana uchungu na katiba yao, wawape wananchi haki ya kupendekeza sheria ya kawaida kwa wingi wa kawaida, na katiba itapumzika.

Hata hivyo, suala la asilimia kwangu ni la pili. Ninaloona ni zito zaidi ni nani walikuwa nje ya hesabu hiyo tangu mwanzo.

Tuanze na mizani. Florida, kuwa na bangi isiyozidi gramu 20 ni kosa dogo, lenye kifungo kisichozidi mwaka mmoja na faini isiyozidi dola 1,000. Ikizidi gramu 20 ni kosa kubwa la jinai la daraja la tatu: hadi miaka 5 gerezani na faini hadi dola 5,000. Bangi iliyokamuliwa kuwa utomvu au mafuta, yale yanayovutwa kwa kifaa cha umeme, haina kiwango cha msamaha. Tone moja tu linatosha kuwa kosa kubwa. Ikizidi ratili 25, yaani kilo 11.3, au miche ikifika 300, kosa linaitwa biashara haramu. Hapo jaji hana hiari, anatoa kifungo kisichopungua miaka 3 na faini ya dola 25,000. Wakati huohuo mgonjwa mwenye kadi ya bangi ya matibabu, anayelipa jimbo dola 75 kwa mwaka mbali na ada ya daktari, anaruhusiwa kuwa na wakia 4, zaidi ya gramu 110. Wenye kadi hizo ni zaidi ya 800,000. Jirani wa mgonjwa huyo, mwenye gramu 21 na asiye na kadi, anaweza kufungwa na kupoteza kura.

Kwa miaka mingi Florida iliondoa haki ya kupiga kura kwa kila aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, hata akimaliza kifungo. Kuirudisha kulitegemea gavana na mawaziri watatu wanaochaguliwa, walioketi kama bodi ya msamaha. Chini ya Gavana Rick Scott mtu alisubiri miaka 5 au 7 baada ya kumaliza adhabu ndipo apate hata ruhusa ya kuomba. Waliofungiwa nje walikadiriwa kuwa karibu milioni moja na nusu. Kwa hiyo katika kura za bangi za mwaka 2014 na 2016, aliyehukumiwa kwa gramu 21 hakuwa na sauti juu ya sheria iliyomhukumu. Walioguswa na adhabu hiyo walihesabiwa kama hawapo.

Novemba 6, 2018, siku ileile Michigan ilipohalalisha bangi, wananchi wa Florida walifanya jambo kubwa. Kwa asilimia 64.5 walipitisha Marekebisho ya 4, yaliyorudisha kura kwa aliyemaliza masharti yote ya hukumu yake, isipokuwa waliotiwa hatiani kwa mauaji au makosa makubwa ya kingono. Miezi michache baadaye bunge la jimbo likapitisha sheria, Gavana Ron DeSantis akaitia saini, ikaanza Julai 1, 2019: maneno "masharti yote ya hukumu" yakaelezwa kuwa ni pamoja na kila faini, kila gharama ya mahakama na kila fidia iliyoandikwa kwenye hukumu. Mtaalamu aliyetoa ushahidi mahakamani alikadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 walimaliza vifungo vyao lakini walikuwa bado na deni. Jaji Robert Hinkle aliuita utaratibu huo kulipia kura, akautengua Mei 2020. Mahakama ya rufaa ikamgeuza kwa kura 6 dhidi ya 4 mnamo Septemba 11, 2020, wiki chache kabla ya dirisha la kujiandikisha kwa uchaguzi wa rais kufungwa.

Ninaueleza utaratibu wenyewe kwa sababu ubaya wake unaonekana ndani ya hatua, wala si kwenye kanuni iliyoandikwa. Anayetaka kujua kama anaruhusiwa kupiga kura anaanza kwa karani wa mahakama wa kaunti alikohukumiwa. Florida ina kaunti 67, na kila moja ina karani wake na kumbukumbu zake. Akipata nakala ya hukumu, kitu cha kwanza kutazama ni kama jaji alimtia hatiani kweli. Majaji wa Florida wanaweza kupokea ungamo, wakatoa kifungo cha nje, lakini wakazuia kumtia mtu hatiani rasmi. Aliyepata uamuzi wa namna hiyo hakuwahi kupoteza kura. Kesi nyingi za bangi za watu wasio na rekodi huishia hapo, na wahusika hukaa miaka wakidhani wamefungiwa.

Kama alitiwa hatiani, ajumlishe faini, gharama na fidia zilizoandikwa ndani ya hukumu peke yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatazama salio lililo kwenye kompyuta ya karani, na salio hilo limekwisha kuvimba: deni likilala siku 90 karani anaweza kulikabidhi kwa wakala wa kukusanya madeni, naye anaruhusiwa kuongeza ada ya hadi asilimia 40. Riba na ada zilizoongezwa baada ya hukumu hazizuii kura. Aidha, msimamo ambao serikali ya jimbo yenyewe iliueleza mahakamani mwaka 2020 ni kwamba kila dola iliyolipwa, hata ile iliyokwenda kwa wakala, ihesabiwe kupunguza kiasi kilichoandikwa kwenye hukumu. Mtu aliyehukumiwa kulipa dola 800, akalipa dola 800 kidogo kidogo, kisha kompyuta ikaonyesha bado anadaiwa 300, kwa hesabu hiyo amekwisha maliza kwa upande wa kura.

Deni likimshinda, anaweza kumwomba jaji abadilishe hukumu. Jaji anaweza kulifuta iwapo anayedai ameridhia, au kuligeuza kuwa saa za kazi ya kujitolea kwa jamii. Lakini deni lililogeuzwa linahesabiwa kuwa limelipwa pale tu saa ya mwisho inapokamilika. Asiyekuwa na uhakika anaweza kuiandikia Idara ya Uchaguzi ya jimbo kuomba maoni ya ushauri, akieleza kosa, kaunti na mwaka. Ajibiwe kabla hajajaza fomu ya kujiandikisha, kwa sababu anayefuata maoni hayo kwa nia njema analindwa kisheria.

Hatua hizi zinaharibika mahali panapojulikana. Hukumu za zamani hazipatikani, au zinapatikana bila ukurasa wa gharama. Fidia iliyolipwa moja kwa moja kwa aliyedhulumiwa haikuandikwa popote. Hakuna daftari moja la jimbo zima linalosema nani anadaiwa nini, na katika kesi ya mwaka 2020 serikali ilishindwa kuwaambia hata baadhi ya walalamikaji waliokuwa mbele yake kiasi wanachodaiwa. Juu ya hayo, fomu ya kujiandikisha ni kiapo, na kuapa uongo ni kosa kubwa la daraja la tatu, adhabu yake hadi miaka 5. Serikali haijui deni, lakini mwananchi anatakiwa aape kwamba halipo.

Agosti 2022 watu 20 walikamatwa kwa madai ya kupiga kura isivyo halali. Walikuwa wametiwa hatiani kwa mauaji au makosa ya kingono, kwa hiyo Marekebisho ya 4 hayakuwahusu, lakini baadhi yao walikuwa wamepokea kadi za mpiga kura kutoka ofisi za serikali. Kadi za sasa zinaandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa haki ya kupiga kura. Aliyewahi kufungwa kwa bangi na kuona picha za watu hao wakifungwa pingu, hata kama ana haki kamili ya kupiga kura, anabaki nyumbani. Simlaumu.

Sasa mweke mtu wetu wa gramu 21 Michigan. Jimbo hilo linamzuia kupiga kura pale tu anapotumikia kifungo gerezani au katika jela ya kaunti. Akitoka, hata akiwa kwenye kifungo cha nje, hata akidaiwa faini, anajiandikisha. Aliyekuwa akitumikia kifungo cha nje kwa kosa la bangi aliweza kupiga kura ya kuhalalisha bangi mwaka 2018. Na karatasi ya siku hiyo ilikuwa na pendekezo la tatu, lililopita kwa karibu asilimia 67: kujiandikisha hadi siku yenyewe ya uchaguzi, kupiga kura kwa posta bila kutoa sababu, na kuandikishwa moja kwa moja mtu anaposhughulikia leseni ya udereva. Katika siku 14 za mwisho mtu lazima aende mwenyewe kwenye ofisi ya karani wa mji, akiwa na uthibitisho wa makazi. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya kuwaandikisha watu moja kwa moja wanapotoka gerezani, la kwanza kufanya hivyo Marekani.

Hata Kenya, ambako bangi bado inampeleka mtu jela, Katiba ya 2010 inamnyima kura aliyepatikana na kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia, na si mfungwa wa bangi. Wafungwa walipiga kura ya rais mwaka 2017 wakiwa ndani ya magereza. Florida inamzuia mtu aliyekwisha kurudi nyumbani kwa sababu ya deni la mahakama.

Narudi kwenye pendekezo la mwaka 2024, lililoitwa Marekebisho ya 3. Lingeruhusu wakia 3 za bangi na gramu 5 za iliyokamuliwa kwa wenye miaka 21 na zaidi. Lingekuwa bora kuliko hali iliyopo, na ningependa lipite. Lakini halikuwa na neno hata moja la kufuta hukumu za zamani, wala halikuruhusu mtu kupanda mche nyumbani. Michigan inaruhusu miche 12 kwa kaya. Gharama za kampeni, zaidi ya dola milioni 150, zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye mfuko wa Trulieve, kampuni kubwa ya bangi ya matibabu ya hukohuko Florida. Kampuni ikilipia pendekezo, pendekezo litafungua soko kwanza. Aliyefungwa kwa kuuza kile ambacho kampuni ingeuza dukani angebaki na hukumu yake, faini yake, na kiapo asichoweza kukitia saini.

Haki inataka nitaje sababu nyingine ya ukimya huo. Katiba ya Florida inadai pendekezo la wananchi liguse jambo moja tu, na Mahakama ya Juu ya jimbo imewahi kufuta mapendekezo yaliyochanganya mambo. Waandishi waliogopa kwamba kuongeza kufuta rekodi kungeliua pendekezo kabla ya siku ya kura. Hofu hiyo naielewa. Dawa yake ilikuwa kupeleka pendekezo la pili sambamba, la kufuta rekodi, ila kila pendekezo lilihitaji saini 891,523 kwa mwaka 2024, na saini zinazokusanywa na watu wa kulipwa ni ghali. Michigan nayo haikuweka kufuta rekodi ndani ya kura yake. Ilikuja na sheria iliyotiwa saini Oktoba 2020, inayomtaka jaji achukulie kwamba kosa dogo la bangi lisingekuwa kosa baada ya Desemba 6, 2018, na kumpa mwendesha mashtaka siku 60 za kupinga. Kule bunge lilimalizia kazi ambayo kura haikuweza kuifanya. Florida bunge limekwenda upande mwingine. Sheria ya mwaka 2025 kuhusu ukusanyaji wa saini inamkataza aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa, na ambaye haki zake hazijarudishwa, hata kuwa mkusanya saini. Muda wa kurudisha fomu umepunguzwa hadi siku 10, na asiyesajiliwa kama mkusanyaji akikutwa na fomu zaidi ya 25 za watu wasio jamaa zake anatenda kosa kubwa la jinai. Vifungu kadhaa vimepelekwa mahakamani.

Kanuni nyingine ya Florida inastahili kutajwa. Aliyehukumiwa jimbo jingine anapimwa kwa sheria ya jimbo hilo. Donald Trump alitiwa hatiani New York Mei 2024, na kwa kuwa New York inamzuia mtu akiwa gerezani tu, alipiga kura Palm Beach, Florida, Novemba ile. Alikuwa ametangaza kwamba angeunga mkono Marekebisho ya 3. Kanuni hiyo ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ninachodai ni kwamba mkazi wa Tampa, mji mwingine wa Florida, aliyehukumiwa hukohuko Tampa apate haki ileile anayopewa mkazi wa Palm Beach aliyehukumiwa New York.

Kuna kundi moja la wasomaji wa Kiswahili ambalo jambo hili linaligusa moja kwa moja. Wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania walioko Marekani, wakiwamo Wakongo wengi wa Grand Rapids na Lansing kulekule Michigan, wanaona maduka ya bangi yamefunguliwa wazi na kudhani sheria imekwisha. Haijaisha kwa asiye raia. Uraia unatolewa na serikali kuu, na kwa sheria ya serikali kuu bangi ni dawa ya kulevya iliyodhibitiwa. Mwongozo wa idara ya uraia wa Aprili 2019 unasema kuvuta bangi, kuimiliki, au kuajiriwa kwenye biashara yake kunaweza kumfanya mwombaji aonekane hana mwenendo mwema, hata kama jimbo limeruhusu na hata kama hajawahi kushtakiwa. Kukiri mbele ya afisa kunaweza kutosha. Kosa moja la kuwa na gramu 30 au pungufu kwa matumizi binafsi lina nafuu yake katika sheria. Makosa mawili, au kuuza, hayana. Kwa hiyo kijana mwenye grinkadi anayepata kazi ya kaunta kwenye duka la bangi kwa dola 17 kwa saa anaweza kuwa anauza uraia wake, na kura yake pamoja nao. Mwenye historia yoyote ya bangi amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu N-400 ya kuomba uraia.

Hatari ya pili iko kwenye ofisi ya leseni. Utaratibu wa kuandikisha wapiga kura hukohuko ni mzuri kwa raia, lakini afisa huuliza haraka na asiyejua Kiingereza huitikia ndiyo. Kudai uraia usio nao, au kupiga kura bila uraia, ni sababu ya kurudishwa ulikotoka, na mlango wa uraia unaweza kufungwa moja kwa moja. Ukiulizwa kama wewe ni raia na hujaapishwa, sema hapana, usitie saini ya kujiandikisha, na ukiletewa kadi ya mpiga kura nyumbani irudishe kwa maandishi mara moja, ubaki na nakala.

Msimamo wangu juu ya bangi yenyewe si wa kuisifu. Moshi ni moshi, ubongo wa kijana wa miaka 16 haustahili kuchezewa, na dereva aliyevuta ni hatari barabarani. Ndiyo maana napendelea mauzo yenye umri, vipimo na kodi kuliko soko la uchochoroni lisilouliza kitambulisho. Lakini pendekezo lijalo la Florida, liandikwe na nani, nitalipima kwanza kwa swali la kura. Na sehemu kubwa ya ninayoyataka haihitaji pendekezo wala asilimia 60. Bunge la Tallahassee linaweza, kwa wingi wa kawaida na saini ya gavana, kupandisha gramu 20 hadi zilingane na wakia 4 za mgonjwa. Kurahisisha kufutwa kwa deni la mahakama linalomzuia mtu kupiga kura. Kumlazimisha karani wa kila kaunti kuingiza hukumu zake kwenye daftari moja ambalo mtu atalisoma bure. Na kuandika kwamba jimbo likishindwa kuonyesha deni ndani ya siku 30 tangu kuulizwa, deni hilo halimzuii mtu kupiga kura.